Usimchume Usiku

Nilipoolewa katika nyumba ya Vatsala
nilisema, "Mtulasi huu umenyauka,"
naye akaweka chini ungo wa mchele
akanitazama kana kwamba nimemkanyaga mgeni.
"Huyu," akasema. "Amechoka. Mpe maji."

Siku hiyo nikaanza kujifunza ngeli upya.
Mfenesi ni huu. Mkorosho ni huu.
Hata mnazi unaotulisha na kutuezekea, huu.
Lakini yule wa uani, juu ya kitako cha mawe mekundu,
dada wa mrihani, mwenye zambarau chini ya majani
na shina jembamba kama mkono wa aliyefunga,
ni huyu.

Kila alfajiri, kabla ya chai,
Vatsala huoga, hummwagia maji kwa kopo la shaba,
humzunguka, midomo ikicheza.
Mimi nakuna nazi dirishani.
Harufu inaingia. Si tamu:
karafuu iliyogombana na pilipili manga
wakapatanishwa na mvua.

Usimchume Jumapili.
Usimchume siku ya kumi na moja ya mwezi.
Usimkaribie ukiwa hedhini
(nilipita mbali, nimebana midomo).
Na jua likishatua usimguse, amelala.
"Nani humwamsha mwanamke
amwombe nywele zake?"

Kisha ule usiku wa masika ya Konkan,
Nihar wangu ana miaka mitatu,
kikohozi kinabisha kifuani mwake
kama mtu aliyefungiwa nje.
Daraja limekwenda na maji.
Daktari Pednekar yuko ng'ambo.
Mume wangu yuko Doha, anapaka rangi nyumba za watu.
Nilimtazama mama mkwe. Sikuthubutu.

Akajitanda gunia la mbolea kichwani,
akachukua taa, akatoka.
Katikati ya mvua nikasikia makofi matatu,
mepesi, ya kumwamshia mtoto wa shule,
na sauti ambayo mimi hakuwahi kunipa:
"Niwie radhi, mama. Ni mjukuu."

Majani kumi na moja. Niliyahesabu.
Tangawizi ya kuponda, pilipili manga punje tano,
sukari guru kiasi cha gole la kidole.
Vikombe viwili vichemke hadi kibaki kimoja.
Nihar akatema, akalia, akanywa,
akalala chini ya shuka yenye mvuke
na mkono wake ndani ya mkono wa bibi yake,
si wangu.

Sitadanganya. Homa haikushuka usiku ule.
Ilishuka keshokutwa, mianzi ilipofungwa pa kuvukia
na daktari akaja, suruali imekunjwa magotini,
na chupa ya dawa nyekundu.
Nani aliponya?
Vatsala alimlipa daktari kwa korosho,
na yule wa uani
kwa siku tatu za kufunga.

Kila mwezi wa Kartik tukamwoza,
kitambaa kibichi, bangili, bua la muwa kando yake;
kila mwaka bibi harusi, kila mwaka mwali.
Akifa, mbegu zake zilishaota nyufani.
Hivyo ikapita miaka kumi na tisa.

Vatsala alianza kuondoka Jumapili,
jua limeshatua,
nami nikiwa katika siku zangu.
Sheria tatu kwa mkupuo mmoja.
Kichupa cha maji ya Ganga,
alichokuja nacho akiwa bibi harusi,
kilikuwa tayari. Lilibaki jani.

Nikatoka bila taa.
Joto la Chaitra lilikuwa limembakiza vijiti,
nikampapasa kwa vidole kama kipofu.
Nikapiga makofi matatu.
Maneno sikuyajua. Nikasema tu,
"Ni yule anayekupa maji."

Jani moja, dogo kuliko ukucha.
Nikaliweka ulimini mwake, na tone la maji,
nikamnong'oneza, "Mama, nimeuchuma."

Midomo yake ikasogea kidogo,
kama anayetaka kunisahihisha.